Faiba imefika Kigoma mjini: hizo Mbps zote tunazipeleka wapi?

MwishoWaReli (mleta uzi)

Wakuu mwakeye, na nyie mnaoamka saa nne mwidiwe.

Kama uko Kigoma mjini umeshaona mafundi wanavyopanda nguzo, wameanzia mtaa wa Mwanga wanateremka na ule waya mweusi mwembamba wa faiba (uzi wa kioo unaobeba intaneti kwa mwanga) kuelekea Katubuka, nyuma yao vijana wa fulana wanagonga mageti na vipeperushi, "mzee faiba imefika, unachukua ya ngapi?" Hilo swali la ya ngapi ndilo limenileta hapa. Jirani yangu kachukua ya juu kabisa kwenye karatasi, kwake kuna simu tatu na TV moja ya inchi 32, namuuliza mzee utaifanyia nini ananijibu "si ndiyo yenye spidi?" Hapo nikaona nishushe uzi maana kazi za mitandao ndizo zinazonipa ugali.

Nianze na hesabu, hapa ndipo watu wanadhani wamepigwa. Mbps ni megabiti kwa sekunde, faili kwenye simu yako linahesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo ukiuziwa Mbps 100 usitegemee kuona MB 100 zinashuka kila sekunde, utaona 12 na kidogo na hujaibiwa chochote. Ile inayoitwa gigabiti yaani Mbps 1000 kwenye makaratasi ni MB 125 kwa sekunde. Muvi ya GB 5 kwa Mbps 10 ni saa moja na dakika zake, kwa gigabiti ni sekunde 40.

Tamu eh? Ngoja sasa. Netflix wenyewe wanasema picha ya 4K inataka Mbps 15 na HD kamili Mbps 5. Ile TV ya jirani haina hata hiyo 4K. Weka TV mbili zinaonyesha, watoto wako YouTube, mama yuko video kol na Dar, mtu mmoja anashusha apdeti za simu, bado utahangaika kufika Mbps 50. Zinazobaki zinakaa tu zinakuangalia na wewe unazilipia kila mwezi.

Wamarekani walishalipitia hili. 2010 Google walitangaza wanatafuta mji wa kuweka gigabiti majumbani, miji zaidi ya 1,100 ikaomba, mji wa Topeka kule Kansas ukajibadilisha jina kwa mwezi mzima ukajiita Google, sitanii. 2011 wakaichagua Kansas City, 2012 nyumba zikaanza kuungwa kwa dola 70 kwa mwezi, halafu watu wakabaki wanaulizana sasa hii tunafanyia nini maana tovuti ni zile zile na zinafunguka vile vile. Vijana wa kompyuta wakahamia mtaa uliotangulia kuungwa, wakawa wanalala na kuanzisha vikampuni vyao kwenye nyumba hizo hizo.

Ila mimi mji ulionivutia ni Chattanooga, jimbo la Tennessee. Hao waliwatangulia Google, Septemba 2010 gigabiti ilikuwa inauzwa kwa kila nyumba ya eneo lao, na muuzaji ni shirika la umeme la mji. Kwanini la umeme? Kwa sababu faiba waliivuta ihudumie umeme wenyewe, swichi za kwenye laini zinawasiliana, mti ukiangukia waya ile swichi inakitenga kile kipande na umeme unazungushwa njia nyingine kabla hujapapasa tochi. Intaneti ya majumbani ikapandia humo humo. Kwa hiyo mtu amekaa sebuleni anadhani faiba ni ya kuangalia muvi, kumbe kazi yake nzito inafanyika juu ya nguzo na yeye haioni.

Turudi kwetu. Msimamo wangu nauweka mapema mje mnipinge vizuri: kwa nyumba za Kigoma faida kubwa haiko kwenye kushusha. Iko kwenye kutohesabu bando na kwenye KUPANDISHA. Watu wetu wengi intaneti yao ni simu, na simu miaka yote ilikuwa ya kupokea, kutuma kitu kizito ni adhabu. Sasa niambieni nani hapa ana kitu kizito cha kutuma.

---

Bintimawese

Kaka umenigusa. Mimi nauza mawese na dagaa kwa mtandao, wateja wangu wako Dar, Dodoma na Mwanza. Nikienda laivu pale Kibirizi asubuhi dagaa wanashushwa picha inaganda, mdomo wangu uko wazi nusu dakika, watu wanacheka kwenye komenti halafu wanaondoka. Nyumbani je, nikichukua faiba nipakie mzigo nikiwa laivu naweza kuchukua ile ndogo au wataniambia haitoshi?

---

MwishoWaReli

Dada inatosha na inabaki. Laivu ya 720p inakula kama Mbps 3 au 4 za kupandisha, 1080p nzuri kama 6. Swali la kumuuliza yule kijana wa fulana ni hili hapa: "ya kupandisha ni ngapi?" Maana kuna pakeji zinatangaza kushusha 50 ukija kupima kupandisha ni 10, na kwako wewe namba yenye hela ni hiyo ya pili. Wengine wanauza sawa kwa sawa, hao wape kipaumbele. Ila Kibirizi ufukweni bado utategemea simu, faiba haitembei.

---

Mzee wa Maharusi

Mimi ndo ninacho kitu kizito mkuu, napiga video za harusi na send-off. Harusi moja nikishaihariri faili linatoka GB 8 na familia iko Dar inataka ile ile safi siyo ya WhatsApp iliyobanwa mpaka bibi harusi hana macho. Unajua natumaje? Naweka kwenye flashi, nafunga kwenye bahasha, nampa kondakta wa basi alfajiri. Kuna siku bahasha ilifika imetoboka flashi haimo, sikutaja basi gani maana bado nawatumia.

---

MwishoWaReli

Tupige hiyo hesabu yako mzee. GB 8 ni megabiti 64,000. Kwa simu inayopandisha Mbps 3 ni saa sita kasoro, na hapo usipigiwe simu na mtandao usiyumbe. Kwa faiba ya kupandisha Mbps 100 ni dakika kumi na moja hivi, unachemsha chai faili limefika. Kwa gigabiti kinadharia ni dakika moja. Sasa angalia vizuri: kutoka saa sita kuja dakika kumi na moja maisha yako yamebadilika, kutoka dakika kumi na moja kuja dakika moja umepata nini cha kulipia mara tatu? Ndiyo maana nasema pakeji ya kati kwa watu wa kazi kama yako, ya juu waachie wenye jengo zima.

---

fundi_nguzo

Nimepita nikasema nisikae kimya. Mimi ni miongoni mwa hao mnaowaona kwenye ngazi, kampuni sitaji.

Wateja wengi hawajui kwamba huo mstari hauko peke yako. Kutoka mtamboni inatoka nyuzi moja ya kioo, inafika kwenye kisanduku kule nguzoni inagawanywa kwa spilita, nyumba 32 au hata 64 zinakula hapo. Mfumo uliozoeleka unaitwa GPON, unabeba Gbps 2.5 kushusha na 1.25 kupandisha kwa wote walio kwenye huo uzi. Siku nyumba 64 zote zikaamua kushusha kwa pamoja kila mmoja anapata kama Mbps 39. Haitokei maana watu hawashushi wote sekunde moja, lakini ukiona saa mbili usiku imelegea kidogo usianze kutukana fundi. Kuna mfumo mpya zaidi XGS-PON wa Gbps 10 kwenda na kurudi, ukiukuta umebahatika.

Pili ni ndani ya nyumba. Mtu anachukua 200 halafu anapima kwa simu ya bei ya chini akiwa chumba cha nyuma, ukuta wa tofali za kuchoma mbili katikati, anaona 25 anapiga simu ofisini kwa hasira. Simu hizo nyingi zinashika Wi-Fi ya 2.4 GHz tu na antena yake moja, hata ukikaa juu ya rauta utapata 30 au 40 basi. 5 GHz ina kasi lakini ukuta inauogopa. Pima kwa laptopu na kebo ndo ulete kesi.

Na hiyo kebo yenyewe. Kuna mafundi wa mtaani wanabana kichwa kwa nyaya nne tu kati ya nane, wanasema hizi nyingine hazina kazi, inawaka vizuri na intaneti inapita, ila hapo umefungwa kwenye 100 milele. Gigabiti inataka zote nane. Nimekuta duka moja wamelipia 300 mwaka mzima wanatumia 94, kichwa cha kebo kimebanwa nusu.

---

KasuluBoy

fundi nguzo nondo hizi ungezileta mapema 😂 mimi nimebana nyaya nne juzi kwa shemeji

---

Kijana wa Ujiji

Wazee mmesahau wachezaji. Gemu kubwa siku hizi ni zaidi ya GB 100, kwa Mbps 10 hiyo ni kama saa 22 na mama anauliza kwanini TV inazunguka. Mimi kwenye gigabiti nakubali kabisa, dakika 13 umemaliza. Halafu lagi itakwisha, tutawafunga wa Dar.

---

MwishoWaReli

Kwenye kushusha gemu nakupa pointi, ila hizo dakika 13 zina masharti: seva (ile kompyuta unakoshushia gemu) iwe tayari kukupa kasi hiyo, na diski yako iweze kuandika. Diski za zamani za kuzunguka nyingi zinaandika kama MB 100 kwa sekunde na gigabiti inaleta 125, kwa hiyo faiba inaisubiri diski. Ukishusha moja kwa moja kwenye flashi ya kawaida ndo kabisa.

Ila kwenye lagi hapana. Lagi ni muda wa ujumbe kwenda na kurudi, Mbps haziupunguzi. Mwanga ndani ya kioo unakwenda kama km 200,000 kwa sekunde. Kutoka hapa stesheni mpaka Dar kwa njia ya reli ni kama km 1,250, kwa hiyo kwenda na kurudi tu ni milisekunde 12 na nusu hata kama una gigabiti kumi, na faiba haijapita kwenye mstari ulionyooka. Seva ikiwa Ulaya weka kilomita elfu kumi za baharini, ni milisekunde 100 kabla hata mitambo ya njiani haijaongeza yake. Kijana wa Masaki anakuzidi hizo 12 maisha yote labda uhame. Kitakachokusaidia ni kwamba faiba haipandi na kushuka kama simu, lagi yako itakuwa ile ile kila saa, na mchezaji anayejua lagi yake anacheza nayo.

Ndiyo maana pia YouTube inakimbia kuliko vitu vingine, wanaweka mitambo ya kuhifadhi video karibu na watumiaji, haiendi Ulaya kila unapobofya. Na trafiki ya Tanzania kwa Tanzania ina sehemu ya kukutania, TIX pale Dar. Siku mitambo ya namna hiyo ikisogezwa huku magharibi mtaona tofauti kuliko kuongeza pakeji.

---

Mnyamwezi Halisi

Watani zangu wa mwisho wa reli hongereni kwa kupata waya. Sisi Tabora tunawaangalia tu, mkongo wa faiba wa nchi unapita kwetu ndo uwafikie nyie kwa hiyo msitusahau kwenye sala.

Swali langu la uchokozi. Mnapigia hesabu sekunde na milisekunde, ukikatwa je? Mwezi wa tano 2024 mmeisahau? Kebo za baharini mbili zilipata hitilafu siku moja, EASSy na Seacom, nchi nzima tukakaa tunaangalia simu kama tumefiwa. Gigabiti yako siku ile ingekusaidia nini?

---

MwishoWaReli

Mtani umepiga penyewe na hapa nakubali bila kuzunguka. Tarehe 12 Mei 2024 nakumbuka vizuri. Kabla ya Seacom kutua Dar 2009 na EASSy mwaka uliofuata tulikuwa tunategemea setilaiti kwa bei ya kuua, kwa hiyo hizo kebo zimetufikisha mbali, ila siku ile tuliona maana ya kutegemea mlango mmoja wa bahari. Afadhali sasa kebo zinaongezeka.

Ndani ya nchi napo ni hivyo hivyo. Mkongo wa Taifa ulianza kujengwa 2009, TTCL ndio wanaousimamia, na kwa mji ulio mwisho kama wetu swali ni njia ngapi zinaingia. Ikiwa inaingia njia moja, katapila la barabara likikosea huko njiani mji wote unarudi kwenye redio. Sisi tunapakana na Burundi pale Manyovu, na ng'ambo ya ziwa kuna Kongo. Njia hizo zikitumika kikamilifu kupitisha data za kwenda na kurudi, Kigoma haitakuwa mwisho wa kitu, itakuwa katikati. Hili mimi naliona kubwa kuliko pakeji yoyote ya nyumbani lakini halina kijana wa fulana wa kulitangaza.

---

Manyovu Express

Sasa kwanini tuhangaike na nguzo? Starlink, intaneti ya setilaiti, iko Rwanda tangu 2023 na Burundi 2024, sahani tu juu ya bati. Naweza kuwavushia 😎

---

MwishoWaReli

Mkuu usiwaingize watu kwenye kesi, kifaa cha namna hiyo bila idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanakichukua na wewe unaitwa. Kama mtu yuko Uvinza ndani huko au kijiji cha mwambao ambako nguzo haitafika, setilaiti za chini zinamfaa kweli, ziko kama km 550 juu kwa hiyo lagi yake siyo mbaya kama setilaiti za zamani zilizokuwa km 36,000. Hilo sipingi. Lakini kwa mtu wa Mwanga ambaye waya unapita mbele ya geti lake, kioo hakishindwi na mvua, na mvua zetu unazijua.

---

Picha ya Kifua

Habari wakuu, niko upande wa afya kitengo cha picha, naomba niongeze kwa sababu mleta uzi kauliza nani ana kitu kizito.

Picha moja ya CT ni kipande chenye nukta 512 kwa 512, kila nukta baiti mbili, yaani nusu MB. Mgonjwa mmoja wa ajali tunaweza kutoa vipande 600, hiyo ni MB 300. Wataalamu wa kusoma hizi picha wengi wako Dar na miji mikubwa. Kwa laini inayopandisha Mbps 2 mgonjwa mmoja ni dakika 20, na hapo akija wa pili anasubiri foleni ya intaneti. Mjue kinachofanyika sehemu nyingi: mtu anapiga picha skrini kwa simu anatuma WhatsApp. Daktari wa upande wa pili anaona vipande sita kati ya mia sita, tena vimebanwa, anaambiwa toa maoni. Kwenye damu kidogo ya ubongo hiyo ni bahati nasibu.

Kwa Mbps 100 hizo MB 300 ni sekunde 24, vipande vyote, ubora ule ule. Halafu jambo la nyumbani ambalo hamjaligusa: daktari akiwa na faiba kwake anaweza kuzisoma usiku akiwa nyumbani, badala ya kumfuata na gari saa nane za usiku. Hapo pakeji ya nyumbani inakuwa chombo cha kazi.

---

MwishoWaReli

Wakuu huu mchango hapa juu usomeni mara mbili. Hiki ndicho nilikuwa nakitafuta, na sikukijua kwa hesabu hiyo. Ahsante sana daktari.

---

Mwenye Laibrari

Na sisi wa laibrari za muvi tufe? Mtu anakuja na flashi na buku, namjazia sizoni nzima. Faiba ikiingia kila nyumba nani atakuja? Na mwenye kibanda umiza jirani yangu naye kanuna.

---

MwishoWaReli

Laibrari sikudanganyi, itapungua, ingawa wapo wengi ambao TV zao haziungi intaneti na flashi itaendelea kuchomekwa miaka mingi. Ila una chumba, umeme, kompyuta na watu wamezoea kuja kwako. Nenda steshenari yoyote msimu wa maombi ya mkopo HESLB uone, au dirisha la Ajira Portal likikaribia kufungwa, vijana wamejaa nje, mtandao unazunguka, cheti cha MB 2 hakipandi, saa inasogea. Wazabuni wadogo nao siku hizi kila kitu ni kwenye NeST, ule mfumo wa zabuni za serikali. Mwenye laini inayopandisha vizuri siku hizo ana wateja mpaka usiku. Kibanda umiza usikiwazie, mpira watu hawafuati picha tu, wanafuata kelele.

---

Mpangaji Mlole

Sisi tuko vyumba nane uwanja mmoja. Tukichangishana laini moja ya Mbps 100 kila mtu anatoa kidogo inakuwa rahisi kuliko bando. Kuna ubaya? Na baba mwenye nyumba kasema yeye ndo atachukua atuuzie kwa vocha za siku.

---

fundi_nguzo

Kuchangishana kiufundi haina shida, mia kwa vyumba nane kila mmoja anatosheka. Shida ni yule mmoja anayewasha kushusha usiku kucha, mwekeeni kikomo kwenye rauta, zipo rauta za bei ya kawaida zinaruhusu kugawa. Na msiweke rauta chumbani kwa mtu, siku akisafiri akazima swichi nyote mko gizani. Wekeni varanda, juu, ndani ya boksi lenye matundu.

Baba mwenye nyumba kuuza vocha hiyo ni biashara ya mawasiliano, inataka leseni ya TCRA, sheria ya mwaka 2010 iko wazi. Na kwenye mkataba wa pakeji za nyumbani wengi wameandika marufuku kuuza tena, wakigundua wanakata.

---

Bintimawese

Na kamera za ulinzi? Nataka kuweka stoo nione mzigo nikiwa safarini.

---

MwishoWaReli

Hapo ndipo utaona raha ya kutohesabu. Kamera moja ya HD kamili ikituma muda wote kwa Mbps 4 inakula GB 43 kwa siku. Kwa siku dada! Kwa bando la simu huwezi hata kulifikiria. Ila kuna mtego, soma mkataba upande wa neno "bila kikomo", wengine wana kiwango cha matumizi ya haki, ukikivuka wanakushusha spidi mpaka mwisho wa mwezi. Kwa kamera washa ile ya kurekodi pale panapotokea mtikisiko tu, na rekodi ikae kwenye kadi, wewe uangalie unapotaka.

---

KasuluBoy

Umeme ukikatika si yote yanaisha? Turudi kwenye majenereta?

---

fundi_nguzo

Hili zuri na watu hawalijui. Kati ya mtambo na nyumba yako hakuna kinachotumia umeme, ile spilita ya nguzoni ni kioo kitupu kinachogawa mwanga. Kwa hiyo mtaa mzima ukizimika, kama mtamboni wana betri na jenereta, mwanga bado unafika mpaka ukutani kwako. Unachohitaji ni kuwasha kile kisanduku na rauta tu, vingi ni volti 12 na ampea moja au moja na nusu. Betri ya sola uliyonayo ya taa inaviendesha masaa. Zipo na UPS ndogo za rauta madukani, unachomeka katikati.

Na ukiona taa nyekundu imeandikwa LOS inapepesa maana yake mwanga haufiki. Kabla hujapiga simu angalia ule waya wa njano nyuma ya kisanduku, mara nyingi mtoto kaukunja au umesukumwa na kabati. Kioo kikikunjwa kona kali mwanga unavujia nje. Unyooshe taratibu, usiuvute, usichomoe kile kichwa cha kijani ukakipangusa na shati, vumbi dogo tu linaziba mwanga. Taa nyekundu ikizimika umeokoa siku mbili za kunisubiri.

---

Mzee wa Maharusi

Nimeongea na kijana wa fulana leo. Nimemuuliza ya kupandisha ni ngapi kaniangalia kama nimemuuliza umri wa mama yake, kampigia bosi wake. Pakeji ya kati ni 50 kushusha 50 kupandisha, wanakuja Jumatatu. Mleta uzi, waje wakifunga niwakague nini kabla sijasaini?

---

MwishoWaReli

Laptopu na kebo, siyo simu. Pima mara mbili, mchana wakiwepo na mwenyewe saa mbili usiku. Angalia kushusha na kupandisha vyote. Muulize nyaya nane au nne. Rauta ikae chumba unachohariria, siyo sebuleni kwa ajili ya mapambo, na kompyuta ya kazi uiunge kwa waya. Weka namba ya fundi mwenyewe siyo ya ofisi peke yake. Na faili la kwanza utakalopandisha tupe muda wake hapa, GB 8 kwa 50 inatakiwa iwe dakika 21 na kitu, ikizidi nusu saa njoo tuwachambue.